Mtoto Mpole Naye Achezeshwe

"Mwanangu huyu ni mpole sana, hanisumbui kabisa."

Mama msomaji, bila shaka umekwisha kuyasikia maneno haya, na pengine umeyasema mwenyewe. Sisi tumeyasema. Tumeyasema kisimani, tumeyasema sokoni Nachingwea tukipanga mafungu ya mihogo, na tumeyasema hata nje ya kanisa, mwenzetu anapouliza habari za mtoto aliyelala mgongoni tangu ibada ilipoanza mpaka ilipokwisha. Kwetu sisi akina mama wa Nachingwea na Ruangwa mtoto mpole ni baraka, maana kazi ni nyingi na mikono ni miwili tu. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka ni kulima na kupanda, kisha palizi. Mei na Juni ufuta unakatwa, unafungwa matita, unasimamishwa ukauke, unakung'utwa. Ufuta haujaisha, mikorosho nayo yataka dawa. Oktoba ikifika tuko chini ya miti tunaokota korosho na kuzitenga na mabibo yake. Katika mwaka kama huo, nani ana nafasi ya kucheza na mtoto?

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisema. Sasa yafaa tuwasimulie lililompata mmoja wetu, ambaye ametuambia tuliandike ili liwafae na wengine.

Mwenzetu huyu anaishi upande wa Ruangwa. Mtoto wake wa tatu alizaliwa salama, alinyonya vizuri, na uzito wake uliongezeka kila mwezi. Alipofikisha miezi mitano hivi ufuta ulikuwa umekomaa. Basi kila asubuhi mama alitandika jamvi chini ya mkorosho pembeni mwa shamba, akamlaza mtoto chali, akamwachia dada yake mwenye umri wa miaka tisa, naye akaingia kukata. Alirudi kunyonyesha, akaenda tena. Siku za mwanzo mtoto alilia sana. Baadaye akaacha. Mama alifurahi, akamsifu mbele ya majirani kwamba huyu ni tofauti na kaka yake, huyu ana adabu tangu tumboni. Baada ya ufuta zikaja mbaazi, na baada ya mbaazi zikaja korosho, na jamvi likawa lile lile.

Alipotimiza miezi kumi na mmoja, mama alimpeleka kliniki kama kawaida. Nesi akampima, akaona uzito ni mzuri. Kisha akamwita mtoto kwa jina lake. Mtoto hakugeuka. Nesi akapiga makofi nyuma yake, na mtoto akageuka mara moja, kumbe masikio yanasikia. Akamwita tena kwa jina, kimya.

"Mama, nyumbani mnamchezesha mchezo gani?"

"Huyu hana taabu, nesi. Ni mpole tu. Hata hadai kuchezeshwa."

Nesi hakumkaripia. Alimchukua mtoto, akampakata uso kwa uso, akamwambia neno moja kwa sauti ya chini, akanyamaza, akangoja. Foleni ilikuwa ndefu nje lakini alingoja. Mtoto alimtazama mdomo, wala hakutoa sauti. Ndipo nesi akamwambia mama kwamba mtoto akiita mara nyingi asijibiwe, huacha kuita, na sisi wakubwa tukadhani ametulia.

Mwenzetu alitoka pale amekasirika. Siku ya Alhamisi, tulipokutana kwa ajili ya neno na sala, alitusimulia huku akilia kwamba ameambiwa yeye ni mama mbaya. Sisi tulimtetea kwa nguvu zote. Tulisema nesi yule hajui kazi za shamba. Lakini tulipotawanyika kurudi makwetu tulikwenda kimya kimya, maana kila mmoja wetu alikuwa anamfikiria mpole wake aliyemwacha nyumbani.

Tusieleweke vibaya. Mungu hakuwaumba watoto kwa kipimo kimoja. Wapo watulivu kwa tabia, ambao hucheka taratibu na hutazama mambo kabla ya kuyashika, na hao hawana kasoro yoyote. Mtulivu wa namna hiyo ukimwita atakutazama, ukimchekea atacheka. Tunayemsema hapa ni yule ambaye hatafuti tena uso wa mtu.

Tangu siku ile tulianza kuuliza na kujifunza, na jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba mchezo wa mtoto mchanga si mpira wala mdoli. Mchezo wake wa kwanza ni uso wa mama yake. Mtoto aliyezaliwa juzi huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, na huo ndio umbali wa kutoka ziwa la mama mpaka usoni kwake. Huko mbali zaidi kwake ni ukungu. Sauti ya mama anaijua tangu tumboni. Kwa hiyo unaponyonyesha, mama, tayari umo mchezoni. Mtazame. Akitoa kisauti chake, "aguu", nawe mrudishie "aguu", halafu unyamaze umngojee. Atakujibu. Si mara moja, maana mtoto ni mzito wa kupanga jibu kuliko mtu mzima, nasi wengi hukosea hapo kwa kusema mfululizo bila kumpa zamu. Mpe zamu. Akikunja midomo nawe kunja, akitoa ulimi nawe toa. Hakuna anayekuona ila Mungu na mtoto, na wote wawili hawatakucheka.

Jambo hili limewahi kupimwa na wataalamu, tena kwa watoto wa watu maskini kama wengi wetu. Huko Jamaika, katika mji wa Kingston, mwaka 1986 na 1987 walichaguliwa watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya mara moja kwa juma, saa moja kila mara, kwa miaka miwili. Wahudumu hao hawakuleta vichezeo vya dukani. Walikuja na vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, wakamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Watoto hao walifuatiliwa mpaka walipokuwa watu wazima. Walipofikia umri wa miaka 22 hivi, wale waliochezeshwa walikuwa wakipata mapato makubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Wapo wengine katika kundi lile waliopewa maziwa ya ziada bila michezo, lakini maziwa peke yake hayakuleta tofauti hiyo ya ukubwani. Hatusemi mtoto asipewe chakula, la hasha. Tunasema uji bila uso wa kucheka haumtoshi. Hapa Tanzania nako serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na uchangamshi wa mtoto umetajwa humo pamoja na afya, lishe na usalama wake.

Nachingwea yetu inajua habari za mipango mikubwa. Wazee wetu walishuhudia Waingereza wakileta mashine za kung'oa miti ili walime karanga, mpango ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Haya tunayowaeleza hayahitaji hata shilingi, na labda ndiyo sababu hatukuyathamini.

Basi tuanze na mtoto ambaye bado hajatambaa. Huyu akiwa macho asilazwe chali saa zote. Mlaze kifudifudi juu ya jamvi au juu ya kifua chako, kidogo kidogo, dakika tatu sasa na dakika tano baadaye. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba kwa siku nzima dakika hizo zifike walau nusu saa. Shingo hupata nguvu, mikono hujifunza kusukuma. Atalalamika mwanzoni, hivyo lala chini nawe, mtazamane. Tandika khanga yenye maua makubwa meupe na meusi mbele yake, maana macho machanga hupenda rangi zinazopingana. Lakini usingizi ni habari nyingine: mtoto anayelala alazwe chali.

Shirika hilo hilo lilisema mtoto asikae amefungwa mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na likataja hata mgongoni. Hapo tulibishana sana. Mbeleko ni yetu tangu bibi zetu! Na kweli mtoto wa mgongoni anapata mengi: anasikia moyo wa mama, anasikia salamu zote za njiani, anaona mchi ukipanda na kushuka. Hatutaiacha mbeleko. Tulichokubaliana ni kumfungua mtoto kila tunapopumzika, hata kama amenyamaza, aneneshwe mikono na miguu, ageuzwe, azungumzishwe, kisha ndipo arudi mgongoni. Na akiwa mgongoni tumwambie tunachofanya. "Sasa tunapalilia, hili ni jani la mbaazi, lishike." Mtu akipita atadhani tunasema peke yetu. Na adhani.

Akifikia miezi sita hivi mikono yake imekwisha kupata akili, na kila kitu chaenda mdomoni. Huo nao ni uchunguzi, hajawa mlafi. Huu ndio wakati wa manyanga. Chukua chupa ndogo ya plastiki ya maji ya kunywa, ioshe kwa sabuni, iache ikauke kabisa. Tia kokoto safi au punje za mahindi, si nyingi, ili zipate nafasi ya kulia. Kifuniko kikazwe kwa nguvu zote, kisha kizungushiwe kitambaa na kushonwa kwa uzi imara mpaka mtu mzima ashindwe kukifungua. Kila asubuhi kabla ya kumpa mtoto, kijaribu tena. Ukitaka wa pili tia mchanga, wa tatu tia vifuniko vya soda, na mtoto atajifunza kwamba kila kimoja kina mlio wake. Mwenzetu mmoja alitengeneza vitano, mume wake akasema nyumba imekuwa ngoma ya unyago!

Na hapa tunaomba mama msomaji usome polepole. Sisi wa mikoa ya korosho tuna hatari zetu ambazo vitabu vya malezi kutoka mbali havizitaji. Chupa au kopo lililowahi kutiwa dawa ya mikorosho lisiwe kichezeo kamwe, hata lioshwe mara kumi. Mfuko wa salfa usitandikwe wala usishonwe mdoli. Korosho mbichi yenye ganda si kichezeo pia, kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, na mtoto hukitia kila kitu mdomoni. Tena kitu chochote kinachoweza kuingia chote kinywani mwa mtoto mdogo chaweza kumziba pumzi: kokwa, kifungo, punje, betri ndogo ya redio. Karanga na korosho nzima zisiwe chakula cha mtoto wa chini ya miaka mitano. Zisage.

Mtoto anayekaa mwenyewe ni rafiki mzuri wa jikoni, mradi moto uwe mbali naye. Mpe sufuria, mwiko na kibakuli cha plastiki. Atatia, atatoa, atapiga, atafunika na kufunua, na kwa kazi hiyo ya robo saa wewe umekwisha kupepeta mchele. Kelele zipo, hatudanganyi. Chukua khanga, jifunike uso, uliza mama yuko wapi, jifunue. Atacheka kila mara kana kwamba hujawahi kufanya. Anajifunza jambo kubwa hapo, kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na kwamba mama akiondoka hurudi. Kisha ficha mwiko chini ya kitambaa mbele ya macho yake aufunue mwenyewe. Muulize pua yako iko wapi, jicho liko wapi. Mtaje watu wa nyumbani mmoja mmoja, babu yuko wapi, kaka yuko wapi, naye atageuza kichwa kumtafuta muda mrefu kabla hajaweza kutamka.

Akianza kusimama dede, weka kile akipendacho juu ya kigoda ili ajivute. Asihimizwe kwa kulinganishwa na wa jirani. Watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 18, na tumeona ugomvi wa bure baina ya mama na mama kwa sababu ya jambo hili. Akitembea, mfungie kamba fupi kwenye boksi la karatasi alivute, ukimtazama, na mchezo ukiisha kamba iondolewe. Mtoto wa mwaka na nusu hupenda maji kuliko vyote: mpe beseni lenye maji kidogo na vikombe viwili amimine. Lakini usimwache hata kwa kufuata chumvi kwa jirani. Mtoto aweza kuzama katika maji yasiyofika kifundo cha mguu. Maji yamwagwe mara mchezo unapokwisha.

Miaka miwili na mitatu haitupi shida sana, maana wakati huo mtoto hujitengenezea michezo mwenyewe. Atapika mchanga, atabeba gunzi mgongoni kama mama alivyombeba, atatengeneza gari la mabua akisaidiwa na kaka yake. Kazi yetu ni kukubali kikombe cha chai isiyo na chai, tukanywa na kusema ni tamu.

Kuna wanaouliza kama kucheza na mtoto si kupoteza muda ambao ungefaa kwa kazi au kwa sala. Nabii Zekaria, alipoonyeshwa Yerusalemu iliyopata rehema ya Mungu, aliona miongoni mwa mambo mengine njia za mji zikiwa zimejaa watoto wanaocheza. Soma sura ya nane. Wazee nao wamo hapo hapo, wameketi na fimbo zao. Kwetu picha hiyo si ngeni, maana bibi na babu ndio walimu wa kwanza wa michezo, na bibi mwenye nyimbo za kubembeleza ni hazina nyumbani. Majirani zetu Waislamu wanazo hizo hizo, na watoto wetu hulelewa nazo pamoja barazani.

Akina baba wengine huona aibu. Tulichogundua ni kwamba baba akiambiwa "cheza na mtoto" hukimbia, lakini akikabidhiwa mtoto na manyanga mama akiwa amekwenda kuteka maji, humkuta amelala kifudifudi naye akisema aguu. Simu ndiyo iliyo rahisi kwao, na kwetu pia, tuseme kweli. Mtoto akilia hupewa simu atazame picha. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kabla ya kutimiza miaka miwili mtoto asitazamishwe kabisa, na akifikisha miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Simu haimngojei mtoto ajibu.

Lililo gumu zaidi ni shamba. Mama akiingia ufutani, mwenye mtoto ni dada yake, na dada yake naye ni mtoto. Huyu wa mwenzetu wa miaka tisa hakuwa na kosa. Aliambiwa amwangalie mdogo wake asianguke wala asiumwe na siafu, naye akamwangalia. Hakuna aliyemwambia aseme naye. Tena siku zile zote za ufuta hakwenda shule, jambo ambalo sisi tulilijua na tukanyamaza, kwa kuwa wa kwetu pia hubakizwa. Msimu uliofuata tulikubaliana hivi: akina mama watano wenye mashamba jirani walipeana zamu, kila siku mmoja hakukata ufuta bali alikaa chini ya mti na watoto wadogo wote, na manyanga, na sufuria kuukuu, na jamvi mbili. Kazi ya shamba lake ilifidiwa na wanne waliobaki. Haikwenda bila maneno. Mama mmoja alilalamika kwamba siku yake ya zamu iliangukia siku ya mnada, mwingine alituhumiwa kulala usingizi. Lakini mabinti walikwenda shule.

Na mtoto yule? Mama yake alifanya alivyoelekezwa na nesi, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea: kumwita kwa jina, kumtazama, kusema, kungoja. Dada yake alijifunza upesi kuliko mama, akawa anarudi shuleni anamwimbia. Baada ya majuma matatu hivi mtoto aligeuka alipoitwa. Baada ya miezi miwili alianza kupiga kelele, tena kelele za kudai, mpaka mama akasema amelogwa. Kuzungumza alichelewa, alifika karibu miaka mitatu hajaunga maneno mawili, na mama yake hakuacha kumpeleka kliniki. Sasa anaongea, ingawa baadhi ya herufi bado zamshinda. Upole umekwisha. Juzi alimwaga debe zima la mbaazi uani ili asikie mlio wake.

Ikiwa mwanao amefika miezi mitatu bila kukutazama usoni, au miezi sita hageukii sauti, au mwaka mmoja hatoi sauti za kujibu wala hageuki akiitwa jina, au ameacha jambo alilokuwa akiliweza, usingoje siku ya mizani. Nenda na kadi yake kliniki, umweleze nesi waziwazi, na uombe masikio yake yapimwe. Ukiambiwa neno la kukuchoma moyo, lia kwanza ukipenda. Halafu rudi tena tarehe uliyopangiwa.